Osewe wa Mfereji na Kufuli la Jarida

Sogeeni, enyi watu wa bonde na mlima, acheni sufuria zichemke zenyewe na redio ziongee bila msikilizaji, mnipe ule utulivu mnaowapa maaskofu peke yao. Kwa maana nawaletea habari za Nicanor Osewe, Bwana wa Mfereji, simba wa mtaa wa Laini Saba, na vita alivyopigana kwa kidole gumba.

Osewe huyu, mzaliwa wa pande za Ziwa, aliuza maji kando ya reli. Tangi lake jeusi lilisimama juu ya nguzo mithili ya ngome ya sultani, na chini yake, kila Jumapili baada ya ibada, majirani walipanga mitungi wakangoja. Hapo Osewe alivaa miwani, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akawasomea kwa sauti kuu hadithi ya Marcelina, iliyotoka sura kwa sura katika jarida la mtandaoni liitwalo Kichochoro. Marcelina alikuwa bibi harusi aliyedanganywa. Laini Saba nzima iliteseka pamoja naye, ikamlaani mchumba wake, ikamwombea hata katika ibada za nyumbani; na kwa mateso hayo yote haikulipa hata senti.

Ikawa Jumapili moja, Marcelina akiwa amesimama nje ya kanisa, mkono kwenye kitasa, Osewe akaburuta kidole ili mlango ufunguke. Haukufunguka. Badala yake likashuka pazia jeupe lenye maneno haya: "Mpendwa msomaji, kuanzia leo Kichochoro inasomwa kwa malipo. Lipia ili uendelee." Bei yake kwa wiki ilikuwa sawa na ya mtungi mmoja wa maji.

Osewe akaburuta tena, na tena. Kisha uwanja ukalipuka.

"Wametufungia Marcelina!" akalia Kageha, malkia wa mandazi ya moto, akijishika kichwa kama aliyefiwa.

"Hawa ni wezi!" akanguruma Shiundu, mchomeleaji mageti, mwenye mikono kama nyundo. "Miaka yote hii nimewasomea hiyo kitu yao! Nimewapea macho yangu bure! Leo wananidai mimi?"

"Manze, hii si ngumu," akasema Ryan, kinyozi kijana mwenye mikakati. "Mmoja alipe, atupigie screenshot, tusonge."

Shauri hilo likapokelewa kwa shangwe na vigelegele, mpaka mtu mmoja alipouliza nani angekuwa huyo mmoja. Hapo kila shujaa akainama kukagua mtungi wake.

Ndipo Osewe akapanda juu ya mtungi uliopinduliwa, akapaza sauti:

"Watu wangu! Maneno ni ya Mungu! Aliyatoa bure, vile alitoa hewa, vile alitoa maji! Nani amewahi kuona binadamu akiuzia mwenzake kitu Mungu ametoa bure?"

Akanena hayo huku mkono wake wa kushoto ukipokea shilingi za mteja aliyekuwa amejaza mtungi. Hakuna aliyeona ajabu. Walimshangilia hadi mbwa wa reli wakabweka. Wakaapa wote kwamba hakuna atakayelipa. Kundi la WhatsApp likaundwa papo hapo, likapewa jina Wasomaji Huru, likajaa ngumi zilizokunjwa. Na ikaamuliwa kwamba Jumamosi jeshi litavuka mpaka Kawangware, kwenye ofisi ya jarida, kumdai Marcelina ana kwa ana.

Jumamosi ikafika. Jeshi likatoka Laini Saba likiimba, vumbi likipanda nyuma yake, Osewe mbele kabisa akiwa na koti la harusi. Lakini lilipofika kituo cha Olympic, Ryan na kikosi chote cha vijana wakasikia kelele za mpira kutoka ukumbi wa video. "Tangulieni, tunawapata," wakasema, na hadi leo hawajawapata. Kwenye Ngong Road, kina mama wa nyuma wakaona mitumba imemwagwa chini, bado mbichi, ikichaguliwa, wakamezwa. Jeshi lilipowasili kituo cha Kawangware 56 lilikuwa limebaki na Osewe, Shiundu na Kageha.

Ofisi ya Kichochoro ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari na rangi. Ndani palikuwa na meza, laptopu, na mwanamke kijana aitwaye Valentine, aliyekuwa mhariri, mhasibu na mfagizi wa jarida lile.

"Dada," akaanza Osewe, akihema kwa ajili ya ngazi, "mimi ni Osewe wa Laini Saba, na nyuma yangu kuna jeshi..." Akageuka. Akamwona Shiundu, na Kageha aliyekuwa amevua kiatu. "Jeshi liko njiani. Tumekuja kuchukua Marcelina. Fungua hiyo mlango ya kanisa!"

Valentine akamtazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. "Mzee, hata mimi siwezi kuifungua. Huko nyuma ya kufuli hakuna kitu."

"Hakuna kitu aje?"

Akageuza laptopu. Palikuwa na sentensi moja tu: *Marcelina akausukuma mlango, na pale mbele ya madhabahu akamwona.* Baada ya hapo, weupe mtupu.

"Akamwona nani?" Kageha akapiga ukelele, kiatu mkononi.

"Anajua Lenah peke yake. Ndiye huandika. Ameandika hii hadithi tangu ianze na sijawahi kumlipa. Wiki iliyopita akaniambia amechoka, akaenda kumenya viazi pale kwa chipsi, ng'ambo ya barabara. Nilifunga ndio nimrudishe. Nilidhani watu wakilipa asubuhi, jioni atakuwa amemaliza sura. Nilikosea. Hakuna hata mmoja amelipa. Nimetumiwa matusi tu." Akabonyeza simu yake, na sauti nene ikajaza chumba: *Nyinyi ni wezi! Nimewapea macho yangu bure!*

Shiundu akakohoa, akaenda kutazama dirishani.

Osewe akaisoma tena ile sentensi moja. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiria kwamba maneno yale yalitoka kwa mtu mwenye mikono. Alidhani yanatoka kwa simu. Simu yenyewe ikatetemeka. Alikuwa Ryan, kutoka ukumbi wa video: *Kamanda msikubali!!* Na ngumi tatu.

Basi shujaa akavaa miwani.

"Osewe!" akafoka Shiundu. "Uliapa! Ulisimama juu ya mtungi ukaapa!"

"Niliapa," akajibu Osewe, "na nikirudi nitasimama juu ya huo mtungi niwaambie nimelipa. Wakitaka kunirushia mawe, warushe. Lakini huyo msichana hawezi kumenya viazi na sisi tuko hapa tunauliza akamwona nani."

Akaingia vitani. Kidole chake gumba, kilichochubuliwa na vifuniko vya mitungi, kikabonyeza namba ya siri, nayo ikakataliwa. Akabonyeza tena, mtandao ukatoroka. Akaukimbiza hadi dirishani, akainua simu juu ya paa za Kawangware kama mwenge, jasho likimtiririka ndani ya koti la harusi, huku Kageha akiomba kwa sauti, macho yamefumbwa. Na simu ikalia. *Asante, Nicanor. Wewe ni msomaji wa kwanza wa Kichochoro.*

Valentine akaketi, akafunika uso. Kisha akapiga simu. "Lenah, kuna mtu amelipa... Mmoja... Mzee wa maji kutoka Laini Saba... Ndiyo, mmoja."

Lenah akapanda ngazi na aproni yake, ananukia mafuta. Akasimama mlangoni akimpima Osewe.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulilipa kwa nini?"

Osewe alikuwa na hotuba ya Maneno na Mungu, tena ndefu. Ikampotea. "Nilitaka uendelee," akasema.

Lenah akafuta mikono, pole pole, kidole kwa kidole. Akaivuta laptopu. Wakaketi sakafuni wakamngoja, Kageha ameinamisha kichwa kama anayesali tena, hadi jua lilipogeukia magharibi, upande wa Dagoretti, na simu ya Osewe ikalia tena. Sura ilikuwa imefunguka.

Shiundu akajongea, akanyoosha shingo juu ya bega la mwenzake. Osewe akaificha simu kifuani.

"Shiundu, ndugu yangu," akasema kwa upole mkuu. "Lipa yako."

"Basi tumsomee Kageha!"

Lakini Kageha alikuwa kwenye kona, machozi yakimtiririka, anasoma kwenye simu yake mwenyewe. Alikuwa amelipa kimyakimya pale sakafuni, wenzake wakidhani anaomba.

Shiundu akayalaani majarida yote ya ulimwengu, yaliyopo na yajayo, akatoa simu, akabonyeza namba yake ya siri kwa kishindo. Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba siku ile, juu ya duka la misumari la Kawangware 56, lilisimama jeshi jipya la wasomaji, lenye watu watatu kamili, na mmoja wao bado alikuwa ananung'unika.