Wateja Kumi na Tisa Niliowaumba

Jumatatu, 14 Julai
Leo nimeumba mtu. Saa nne asubuhi, nyuma ya marobota ya mapazia, dukani kwa Madhuben hapa Kariakoo. Mjukuu wake, Rinkal, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, ndiye aliyenionyesha lugha iitwayo Python. Kwanza unaandika klasi. Klasi si mtu, ni kalibu: mteja ana jina, ana simu, ana oda. Basi. Halafu unaandika mstari mmoja na mteja anatokea. Mstari mwingine, mteja mwingine. Kalibu ile ile. Kila anayetoka humo Rinkal anamwita objekti.

Wangu nimemwita Joyceline, kwa kuwa ndiye mteja wetu mkubwa wiki hii. Mwenyekiti wa kwaya Ilala, anataka kitambaa cha zambarau cha sare. Nikaiuliza kompyuta Joyceline anataka nini. Ikajibu: zambarau, mita themanini na nne. Mwili ulinisisimka.

Jumanne, 15 Julai
Ijumaa Madhuben anateua msimamizi wa oda. Wote wanadhani ni Godbless, maana anazo oda zote kichwani. Godbless ni wa Machame kama mimi, alinitangulia mjini miaka sita, na siku hizi ananisalimia kama bosi. Nimemuuliza kwa upole, siku malaria ikimpanda kichwani, duka litauliza nani? Nilihakikisha Madhuben yuko karibu. Madhuben akasema sawa, kesho tujaribu kompyuta ya Melkiori, yaani yangu.

Rinkal kanisihi nijaribu kwanza na wateja wawili watatu. Nilishajaribu na mmoja, akakubali vizuri. Kumi na wanane waliobaki nimewaumba kabla ya chakula cha mchana. Mungu alihitaji siku sita. Nasema tu.

Jumatano, 16 Julai
Karatasi za mizigo zimechapwa. Godbless kasoma ya Joyceline, kasema kwaya haiagizi vyandarua. Nikamweleza kwamba kichwa husahau, kompyuta haisahau. Shaibu, mwenye mkokoteni, akapakia kila kilichoandikwa. Safari nne hadi Ilala. Ya tatu akauliza kama kwaya inafungua hoteli. Nikamwambia wateja wakubwa hawaulizwi.

Saa nane rafu zilikuwa tupu na wateja wengine wote wamejaa mlangoni. Karatasi ya kila mmoja ilisema anataka duka zima. Ignasi alikuwa amekuja kuchukua vyandarua vya kupeleka Ifakara, ambako mafuriko yamewaacha watu wakilala nje. Basi lake lilikuwa linaondoka saa kumi. Hakugomba. Alikaa juu ya gunia tupu, akaangalia saa.

Ndipo Joyceline akapiga simu.

“Kijana,” alisema, sauti ya chini kabisa, “nina waimbaji ishirini na wanane. Vyandarua mia mbili vya nini?”

Madhuben alichukua simu mkononi mwangu, akamwomba radhi kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Godbless alitoka nje. Alimchukua Shaibu wakaenda Ilala, nami nikawafuata nyuma. Akasimama katikati ya ua wa Joyceline, mikono nyuma, akaanza kutaja. Abdulkadiri, mapazia ya kijani, jora sita. Ignasi, vyandarua, vyote mia mbili, pakia hivyo kwanza. Bila karatasi. Wateja kumi na tisa, na hakukosea hata shuka. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nilikuwa nimesahau kufumba mdomo.

Ignasi aliwahi basi lake.

Alhamisi, 17 Julai
Rinkal kafungua kazi yangu. Kosa ni mstari mmoja. Orodha ya oda niliiweka juu, kwenye klasi yenyewe, wakati ilitakiwa iwe ndani, pale kila mteja anapoumbwa.

“Umewapa wote kapu moja,” alisema. “Kila mtu mpe lake.”

Akausogeza mstari. Wateja wakatulia, kila mmoja na chake. Nikamwomba aurudishe nione tena. Nikatia khanga moja kwa Joyceline. Wote kumi na tisa wakaipata, papo hapo. Nikarudia mara saba. Hata kanisani sijawahi kuona kitu kama hicho. Rinkal akaenda kunywa chai.

Ijumaa, 18 Julai
Msimamizi ni Godbless. Atatumia kompyuta, ile iliyorekebishwa, na kila karatasi atapitisha kichwani kwake kwanza. Mimi nitakunja shuka hadi nitakapoambiwa vinginevyo. Nilimpa mkono. Akaniambia tatizo langu ni haraka, si akili. Nimeiandika hapa hiyo sehemu ya akili.

Jumamosi, 19 Julai
Kukunja shuka kunampa mtu nafasi ya kufikiri. Kwa nini nihangaike na wateja? Nimeandika klasi mpya: Duka. Kufikia saa tano yalikuwepo arobaini. Magomeni, Moshi, Songea, Kigoma. Yamejipanga kwenye kioo cha kompyuta, kila moja na jina lake, na nimeyatazama mpaka shuka zikaniporomoka.

Bidhaa nimeziorodhesha mara moja tu. Juu, kwenye klasi yenyewe. Rinkal atasema nizisogeze ndani. Rinkal ni msomi lakini biashara haijui. Jumatatu namweleza Madhuben: tununue chandarua kimoja tu, na maduka arobaini yatajaa.