Programu Yangu ya Drafti Ilivyomkosea Baba Mkwe

Leo nimeaibika ukweni, tena kwa kitu nilichokitengeneza mwenyewe.

Baba mkwe wangu, hapa mtaa wa Mbugangari, alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia haumsikii tena. Alikuwa dereva wa lori na bingwa wa drafti (aliyekataa kucheza naye alifuatwa hadi nyumbani). Siku hizi marafiki wakija wanamwachia ashinde. Anajua. Hilo linamuuma kuliko mkono.

Nikasema, mimi si naandika programu? Nikamtengenezea ya drafti kwenye tableti. Mashine haina huruma!

Shida ni kwamba haiwezi kuwaza kila kitu hadi mwisho. Ukiipa sekunde chache, lazima uipangie ianze kuchunguza hatua zipi: kwanza za kutafuta kingi (kete iliyofika mwisho wa ubao), halafu zilizo salama, mwisho kabisa zile za kujitoa uliwe bure. Asubuhi nikaurekebisha mpangilio huo uwe bora zaidi. (Nani alinituma?)

Mchana nikafika. Wageni wa kanisani wamejaa sebuleni. Mama mkwe akanitambulisha kwa fahari: "Uyu ni mukwe wetu. Iko injenia."

Papa (ndivyo tunavyomwita baba mkwe) akaanza, kwa mkono wa kushoto. Mashine ikamsogezea kete mdomoni. Akala. Ikaleta nyingine. Akala mbili kwa mpigo. Wageni wakapiga makofi, haleluya! Papa hakucheka. Akanigeukia.

"Na we pia?"

"Papa, sielewi..."

"Umeiambia iniachilie. Juu mi niko mugonjwa."

Nikafungua programu. Loo! Nimepanga kinyume. Ilikuwa inaanza na hatua mbovu kabisa, na muda unaisha kabla haijazifikia nzuri.

"Si huruma, Papa. Nimekosea kuipanga. Mjinga ni mimi."

Mgeni mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti niliyoisikia vizuri: "Ndiye injenia mwenyewe?"

Nikarekebisha palepale. Mchezo wa pili, mashine ikamkung'uta bila adabu hadi kete zake zikaisha. Papa akacheka, kicheko ambacho hatujakisikia tangu augue. Macho yalikuwa na machozi.

"Voilà! Sasa umeniheshimu."

Na mimi nilitaka kulia. Sikupata nafasi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Mu nyumba yangu, mbele ya batu ya kanisa, unakuya kupiga mugonjwa?"

Nimeondoka bila kuionja hiyo chai. Papa amenitumia ujumbe: kesho turudiane. Mama hajasema kama nimealikwa.

Anayecheka acheke polepole, jamani. Kuna mgonjwa.