Injini Haijawahi Funguliwa, Hadi Jumatano

Manyatta, Kisumu
Jumamosi asubuhi

Kwa Madam Lorine,
Admin, Kundi la WhatsApp la "Dizeli Safi Kando ya Ziwa",
Muhoroni.

Mama Nozeli wetu, kama kundi linavyokuita,

KUH: LALAMIKO JUU YA INJINI AMBAYO ILIKUWA HAIJAWAHI FUNGULIWA

Natumai lori yako iko sawa na miwa inafika kiwandani bila kukwama kwa matope. Sisi huku ni wazima wa mwili. Naandika barua juu nikiweka sauti kwa kundi watu wanaanza kucheka kabla haijaisha, na hili jambo si la kucheka.

Mimi ni Oketch, kijana wa Mama Dorca wa mikate. Kwa kundi mnanijua kama yule wa maswali. Shuleni hawakunifundisha injini. Nimejisomea mwenyewe kwa simu, miezi nane, na leo naweza kukutajia vile silinda nne zinafuatana kuwaka nikiwa nimefunga macho: moja, tatu, nne, mbili. Sisemi hivi kwa kujigamba. Nasema ndio ujue unaandikiwa na mtu mwenye utafiti.

Utafiti wenyewe una sababu. Kantini moja karibu na chuo pale Bondo imekubali kuchukua mikate ya Mama kila siku. Masharti yao ni mawili. Mkate ufike kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ufike kwa gari yetu wenyewe, si juu ya keria ya gari ya abiria katikati ya kuku na godoro. Tunaanza Jumatatu. Jumatatu hii, Madam. Tusipofika, kuna mwokaji mwingine ameshika unga tayari. Mama amejenga jiko la pili la kuoka, ameajiri wasichana wawili, na akaniambia: "Oketch, wewe ndiye unasoma magari. Tafuta ya dizeli, isiyotusumbua." Hayo maneno ndiyo nimebeba tangu Februari.

Sasa malalamiko.

1. Lalamiko la kwanza ni wewe, na usikasirike. Mwezi wa tatu niliuliza kwa kundi kitu gani kinaua mtu kwa dizeli ya mkono wa pili. Ukajibu kwa sauti ya sekunde kumi na moja, lori inanguruma nyuma yako: "Kijana, usinunue injini imefunguliwa. Ikifunguliwa mara moja, hiyo ni ya kufunguliwa kila mwezi." Basi. Ukaenda na miwa yako. Hukusema imefunguliwa kiasi gani. Hukusema na nani. Hukusema mnunuzi atajuaje. Nimeisikiza hiyo sauti mpaka mama anajua pahali unabadilisha gia.

2. Lalamiko la pili ni mambo ya moshi. Mwanachama mwenzetu Wesonga alifundisha kwamba moshi mweusi ni mafuta mingi, mweupe ni maji yanaingia, na wa buluu ni oili inaungua. Nikamuuliza sasa ule mzuri ni upi. Akasema, "Ule haupo." Nilifuata hiyo elimu kwa uaminifu. Nilisimama kwa yadi za magari pale Mamboleo wiki mbili na daftari nikiandika moshi ya kila gari ya kuuzwa. Nilikataa gari kumi na moja. Moja yao, nimekuja kuambiwa baadaye, haikuwa na moshi. Nyuma yake kulikuwa na mama anachoma mahindi. Hiyo gari iliuzwa siku hiyo hiyo na inaendelea vizuri, na mimi ndiye naulizwa nyumbani.

Halafu mkasema mtu aende asubuhi mapema ashike boneti, ikiwa na joto ujue muuzaji ameiwasha kabla ndio afiche shida ya kuamka. Nikaenda yadi moja saa kumi na mbili. Boneti joto! Nikaita watu, nikasema mwizi. Kumbe askari wa yadi alikuwa amelalia hapo, ndio alikuwa anaamka. Kwa kundi hakuna mtu aliwahi kutuambia joto la askari ni ngapi.

3. Hili la tatu ndilo kubwa, kwa hivyo nitaenda polepole.

Mzee Irungu ana yadi pale Mamboleo, nyuma ya duka la mbao. Alikuwa na gari ya dizeli yenye mgongo mrefu, rangi ya chai ya maziwa, ya kutosha kreti ishirini za mkate. Hata nikiwa mbali roho ilitulia. Mzee akaniendesha mpaka juu karibu na Kajulu na kurudi, mimi nimeweka sikio kwa dashibodi, na sikusikia kitu. Moshi hakuna. Boneti baridi, na askari alikuwa amekaa kwa kiti. Tuliporudi akaniambia: "Kijana, hii ilikuwa ya mwalimu. Mama mkristo. Shule, kanisa, nyumbani. Na injini haijawahi funguliwa."

Nikauliza ushahidi.

"Mimi ndiye ushahidi."

Nikamuuliza, kwa heshima, "Mzee, wewe umeona ndani?"

Akaniangalia. "Nitaonaje ndani na haijafunguliwa?"

Madam Admin, hapo ndipo nilielewa ukubwa wa sheria yako. Huyu mzee anaapa kwa kitu hajaona. Mwalimu naye hajaona. Tangu hiyo gari itoke kiwandani hakuna binadamu mwenye ameona. Nikamwambia nataka kuhakikisha. Mzee alikuwa anakimbilia matanga Nakuru, akanijibu akiwa tayari na mguu mmoja nje ya geti: "Angalia vile unataka, hata ukitaka ingia ndani." Askari alisikia. Mama Waithira wa chai alisikia. Nimewaandika wote kama mashahidi.

Basi Jumatano nikaleta fundi Wandera na spana zake. Akaniuliza mara mbili, "Una uhakika?" Nikamwambia mzee mwenyewe amesema tuingie ndani. Akafungua. Ilichukua kuanzia chai ya saa nne mpaka chakula ya mchana imepita. Kichwa cha injini kikatolewa kikawekwa juu ya gunia, na sisi wawili tukainama tukaangalia silinda kama watu wameangalia mtoto mchanga. Safi. Kuta zinang'aa, mistari ya kiwandani bado iko. Wandera akapangusa mkono na kitambaa, akasema maneno nilikuwa nangojea miezi nane: "Omera, ndugu yangu, hii kitu haijawahi funguliwa."

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Wandera akaendelea: "Hata kabla nifungue nilikuwa nimejua. Rangi ya kiwandani kwa bolti ilikuwa haijapasuka."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ulisema nifungue. Hukuniuliza."

Na ni hapo, Madam, nikiangalia zile bolti kumi zimepangwa kwa gunia, ndipo nilishtuka. Hiyo injini sasa imefunguliwa. Kwa sheria yako siwezi kuinunua. Nimetafuta injini ambayo haijafunguliwa kwa bidii kuliko mtu yeyote kando ya hili ziwa, nimeipata, nimethibitisha, na kwa sababu nimethibitisha nimeipoteza. Naomba usome hii sentensi tena ukiwa umesimamisha lori.

4. Lalamiko la nne nimelitoa. Lilihusu sura ya binamu yangu Brandon, na si haki kulalamikia kitu ambacho alizaliwa nacho.

5. Mzee Irungu alirudi Alhamisi. Akakuta gari haina kichwa. Alizunguka gari mara moja, akavua kofia, akairudisha. Halafu akasema: "Umefungua, umenunua. Hata soda ni hivyo."

Nikamweleza kwamba injini si soda. Injini ni kama tikiti maji. Pale soko Kibuye muuzaji mwenyewe anakukatia kipande cha pembe tatu uone kama ndani ni nyekundu, na usipopenda unaenda zako. Akasema, "Na lile tikiti limekatwa, nani analinunua?" Nikaandika hilo swali kwa daftari. Kama kuna mwanachama ana jibu, aweke kwa kundi. Watu walikuwa wamejaa. Mama Waithira naye akaweka birika chini akasema: "Huyu siku ya kuoa ataomba bibi apigwe eksirei kwanza." Wakacheka mpaka askari akakaa chini. Yawa, jamani, nilisimama hapo na daftari yangu nikahisi kama ndiyo mimi nimefunguliwa.

6. Lalamiko la mwisho ni kwamba Brandon, ambaye sura yake nimeiacha, alinunua gari mwaka jana kwa alasiri moja. Aliuliza swali moja tu: "Iko na redio?" Ikawa iko nayo. Hiyo gari imeenda Busia, imeenda Homa Bay, imebeba simiti, imebeba harusi. Haijawahi lala barabarani. Kwa utafiti wangu hicho kitu hakiwezekani. Nimemwomba mara tatu aniambie ukweli ni shida gani anaficha. Ananiambia tu, "Oketch, hiyo ni gari." Naomba kundi lichunguze gari ya Brandon haraka, juu ikiendelea kuenda hivi vijana wengi wataacha kusoma.

Kwa hayo yote, ninaomba yafuatayo. Kwanza sheria yako irekebishwe isome: "Usinunue injini imefunguliwa, isipokuwa umefungua wewe mwenyewe kwa sababu ya kujua kama imefunguliwa." Ikishindikana, kundi litoe cheti chenye sahihi yako kwamba kufungua kwa utafiti si kufungua. Hiyo pia ikishindikana, basi Wandera arudishe kile kichwa, na kila mtu aliyekuwa yadi Jumatano na Alhamisi aitwe, aape kwamba hakuona. Nimehesabu ni watu kumi na tisa na padri mmoja alikuwa anapita. Padri naweza kuongea naye mwenyewe.

Na kama hakuna hata moja ya hayo inawezekana, naomba wewe, kama mtu mzima na mwenye lori, upigie ile kantini ya Bondo uwaambie Jumatatu isogezwe. Si lazima mbali. Mpaka Desemba inatosha kwa utafiti mpya, na safari hii nitaanza na bolti.

Kuna kitu kingine, na hii si kwa kundi. Mama hajui. Kila jioni ananiuliza tumefika wapi na gari, na mimi namwambia iko hatua ya mwisho. Jana amejaribu jiko jipya. Mikate imetoka mizuri, imeinuka, nyumba yote inanukia, na wale wasichana wawili wakapiga makofi. Mama akanipa wa kwanza akasema, "Huu ni wa mtu wa gari." Niliula, Madam. Ningefanya nini.

Nisalimie turniboi wako wa kupakia miwa, nisalimie Wesonga na moshi yake, na wanachama wote, hata wale wananiwekea vikaragosi vya kulia kwa kicheko. Wasalimie wakata miwa. Msalimie bwana yako, na umwambie ile sauti ya lori ni tabo, ile ya kusukumia injini hewa, aangalie mpira wa bomba.

Ni mimi, kwa uchungu bila chuki, na mikono ambayo bado inanuka dizeli,

Oketch
(wa maswali)

Nyongeza: Jumamosi jioni. Nilikuwa nimeacha hii barua mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi Mama hakuwa, na aproni yake ilikuwa imeanikwa juu ya kiti. Alikuwa ameisoma yote, mpaka pahali pa mkate. Akaenda Mamboleo kwa miguu yake na unga bado kwa nywele.

Ameinunua. Ile ile. Mzee Irungu alikuwa ameanza kumweleza ya soda, Mama akamkatiza: "Irungu, hapa yadi yako una gari ngapi?" Kumi na nne. "Na ngapi mtu ameona ndani akasema ni safi?" Mzee akainua kidole kimoja. "Basi nipe hiyo moja." Wandera ameweka gaskiti mpya, amefunga bolti zote kumi, na imewaka na ufunguo wa kwanza. Moshi haukuwepo. Kwa hivyo naondoa lalamiko la tatu na la tano, pamoja na maombi yote, na hiyo sheria yako nadhani tuifute kabisa, nitakuandikia sababu nikitulia.

Ila kumebaki kitu kidogo. Gari Jumatatu itaendeshwa na Brandon. Mama aliuliza ni nani kwa familia anajua kuendesha, na kusema kweli mimi sijawahi. Sikutaka kushika usukani kabla sijamaliza kusoma. Kwa hivyo saa kumi na moja asubuhi mimi niko nyuma, katikati ya kreti, nikishika mikate isianguke kwa kona, na yeye mbele ameshauliza kama iko na redio.

Iko nayo. Sasa Mama Nozeli, ungekuwa ni wewe, na miezi yako nane ya kusoma, ungeingia nyuma?