Shule ya Udereva Isiyo na Gari

Jumatatu, 3 Machi 2003
Nimefungua shule ya udereva sebuleni kwangu, mtaa wa Bwiza, hapa Burundi. Bila gari! Kompyuta kuukuu, usukani wa Peugeot iliyokufa, pedali za cherehani. Mchezo wa magari nimeletewa kwa boti kutoka Kigoma. Mafuta hayapatikani mjini, njia za nje zina risasi. Nani anahitaji gari? Jirani yangu Sylvère, mwenye shule ya udereva na Corolla yake, amecheka mpaka akakohoa. Wivu!

Jumatano, 5 Machi
Mwanafunzi wa kwanza! Mama Pascaline, mkimbizi wa Uvira. Zahanati imemwahidi kazi ya kuendesha ambulansi akipata permi, yaani leseni ya udereva, Jumamosi. Watoto wanamtegemea yeye tu. Akauliza mbona gari la kwenye kompyuta linapita kushoto, na sisi Burundi tunapita kulia. Sikujua. Nikamwambia kompyuta imetugeukia uso, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwetu. Akakubali. Mimi mwenyewe bado nafikiri.

Alhamisi, 6 Machi
Milio upande wa Kamenge. Pascaline akauliza kama ni injini. Nikasema ndiyo, gia ya tatu. Mara tukajikuta wote chini ya meza. Umeme ukakatika. Somo likaendelea gizani: yeye anazungusha usukani, mimi nanguruma kwa mdomo. Amezisifu breki zangu.

Jumamosi, 8 Machi
Mtihani. Pascaline aliondoka na gari la mtihani vizuri sana, upande wa kushoto. Lori la jeshi likatokea mbele. Alhamdulillahi, lori lilikuwa na breki! Mwanajeshi akauliza nani kamfundisha. Pascaline akaninyooshea kidole. Mimi nikamnyooshea Sylvère, aliyekuja na mwanafunzi wake.
Permi hakuna. Mama wa watu akakaa kando ya barabara, akalia. Zahanati itamngoja wiki moja tu. Nilitaka kumwomba radhi. Nikajikuta namuuliza kama pedali zilikuwa laini kama zangu. Sylvère akampandisha kwenye Corolla amfundishe, kwa petroli yake ya mwisho.
“Apana kuogopa, dada,” akamwambia. “Shika kulia tu.”

Jumamosi, 15 Machi
Pascaline amepata permi! Amepita mtaani na ambulansi, kulia kabisa, akanipungia mkono. Machozi yakanitoka. Vumbi? Sijui. Nikabandika mlangoni: MWANAFUNZI WETU AMEFAULU. Sylvère amenuna. Simwelewi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimepata dawa ya kushoto. Nimeigeuza kompyuta kichwa chini. Sasa gari linapita kulia! Mwanafunzi mpya, Zénon, akalalamika kwamba mbingu iko chini na barabara iko juu. Nikamwambia atulie: leo tunaanza urubani.