Laini Mbili, Tunduma na Vwawa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kompyuta zetu tatu, Tunduma, Vwawa na Itumba, hufanya kazi kama moja: nyaraka za lori zikiingia huku, zinaonekana kule. Leo yangu na ya Vwawa zimepigiana kwa wakati mmoja, kila moja ikafungua laini yake. Laini mbili badala ya moja, kila waraka unafika mara mbili. Lori moja la shaba limeshapita mpaka mara mbili kwenye kompyuta. Dereva wake bado anakula chipsi hapo nje. Bosi wetu, Mama Restuta, kasema atakayemaliza tatizo hili ndiye msimamizi wa mtandao. Yaani mimi. Kiti nimeshachagua.

Jumanne, 4 Machi
Ferista, fundi wa Vwawa, kapiga simu. Ana dawa: laini zikiwa mbili, ibaki iliyopigwa na kompyuta yenye namba ndogo, nyingine ikatwe. Pande zote zifuate hivyo. Nikamwambia wazo zuri, dada. Kisha nikaangalia namba. Vwawa ni moja. Tunduma mbili! Wana ofisi za mkoa, sawa. Lakini mpaka uko wapi? Kwetu. Nimeweka kanuni yangu kimyakimya: ya Tunduma inabaki, ya Vwawa inakatwa.

Jumatano, 5 Machi
Vwawa inakata laini yangu. Mimi nakata ya Vwawa. Haibaki hata moja. Zinapigiana upya, zinakatana upya, tangu asubuhi. Malori yamesimama. Dereva wa Kitwe kaniita bamudala, mzee, na si kwa heshima. Nimemweleza Mama Restuta kuwa ni mvua. Akatazama nje. Jua kali.

Alhamisi, 6 Machi
Ferista kaja mwenyewe. Kasoma kanuni yangu, kaisoma tena kwa sauti. Afadhali angetukana.
“Kaka Gwamaka, hata tungesema namba kubwa ndiyo ibaki, ingekubali tu. Shida si nani anabaki. Shida mimi na wewe hatujakubaliana.”
Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelewa. Akarudisha kanuni yake. Laini ikabaki moja. Malori yakasogea.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi ni Ferista. Nimepiga makofi pamoja na wenzangu, ya kwangu yakiwa mafupi. Nimelitafakari kosa langu kwa utulivu. Kanuni haina ubaya. Ubaya ni namba yetu. Basi kwenye kompyuta yangu nimeibadilisha Tunduma kuwa sifuri, chini ya moja ya Vwawa. Kompyuta ya Vwawa bado inaijua Tunduma kama mbili, lakini sikuona sababu ya kumsumbua msimamizi mpya kwa jambo dogo hivyo.