Umeme wa Deli la Lambalamba

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeamua. Natengeneza mtambo wa sola wa kubeba mkononi, mimi mwenyewe. Sababu ni mama mkwe. Alhamisi Bi. Mwanvita anasomesha maulidi uwanjani kwake, na umeme siku hizi unakatika ukijisikia. Nikamwambia asihofu, spika itakula umeme wangu. Akamgeukia mke wangu Wahida, akamuuliza huyu wako anasema nini. Huyu wako! Tangu nimuoe mwanawe hajawahi kulitaja jina langu, hata kwa kuteleza. Masoud, jirani yetu, akadakia kwamba yeye ana jenereta. Jenereta lenyewe likiwashwa kuku wanahama. Lakini yeye anaitwa Masoud mwanangu. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 14 Septemba
Betri ya pikipiki nimeipata kwa binamu yangu wa Kiwangwa. Paneli na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani nimenunua dukani. Vyote, kasoro paneli, nimevipanga ndani ya deli la lambalamba, lile boksi la baridi ambalo Wahida alikuwa akiuzia barafu za kulamba. Lina mfuniko, lina mkanda wa begani, ungesema lilizaliwa kwa kazi hii. Nikalipitisha mtaani kwa madaha. Watoto wakanifuata wakitaka lambalamba za ukwaju. Nikawaambia humu mna umeme. Wakauliza wa ladha gani. Masoud yuko kibarazani anasikia!

Jioni nimetazama video ya fundi mmoja Mzungu, simu inamtafsiri Kiswahili chini ya picha. Anasema paneli ianikwe saa kumi, ianuliwe saa mbili. Rahisi hivyo! Watu wanakwenda vyuoni kusomea nini?

Jumatatu, 15 Septemba
Wahida aliuliza mchana mbona paneli iko ndani na jua linawaka vile. Nikamweleza kwa upole kwamba jua la mchana ni la makopa ya muhogo, mitambo inataka jua laini. Akaanika makopa yake uwanja mzima.

Saa kumi alasiri nikatoa paneli. Magharibi jua likazama. Nikaendelea kukaa pale pale, maelekezo ni maelekezo. Masoud akitoka kuswali Isha akanisalimia vizuri, akauliza kama nachaji kwa mbalamwezi. Wivu tu.

Jumatano, 17 Septemba
Inveta ina vitaa vinne vya kuonyesha betri imejaa kiasi gani. Kinawaka kimoja, tena kwa kusitasita. Nadhani inajipanga. Wahida anasema labda huyo Mzungu ana saa zake. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Saa zake! Jua lina mwenyewe?

Ijumaa, 19 Septemba
Jana sikuandika, furaha ilinizidi.

Maulidi yalisomwa vizuri, udi unafuka, watu wamejaa. Bi. Mwanvita akashika kipaza sauti kutoa shukrani. Alipofika kwa Masoud mwanangu, umeme ukakatika. Alhamdulillahi! Nikaruka na deli langu, nikachomeka. Spika ikaamka! Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitamani marehemu baba angekuwepo.

Mara inveta ikaanza kulia. Piii, piii, piii. Kipaza sauti kikaudaka mlio, mtaa mzima ukalia piii. Nikalifunika deli kwa koti. Likazidi. Bi. Mwanvita alingoja, akaona hainyamazi, akasema kwenye kipaza sauti, taratibu kabisa:

"Bwanausi, hebu niondolee hilo deli lako hapa."

Kisha kimya. Betri ilikuwa imekata roho. Masoud akawasha jenereta, shukrani zikamaliziwa kwenye ngurumo, hakuna aliyesikia kitu. Lakini jina langu wamelisikia! Kwa sauti yake, kwa umeme wangu! Wahida alinishika mkono njia nzima kurudi nyumbani, mabega yanamtikisika. Nadhani alikuwa analia.

Jumamosi, 20 Septemba
Wahida amenikalisha chini. Kumbe saa kumi ya Mzungu ni saa nne yetu ya asubuhi, na saa mbili yake ni saa nane yetu ya mchana. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane, sijui kwa nini. Nikamwambia nilikuwa nahisi hivyo hivyo.

Basi. Hanidanganyi tena mtu. Ijumaa ijayo Bi. Mwanvita anamwoza mjukuu wake Dija, nami nimeshapeleka habari kwamba taa zote ni juu yangu. Amemjibu Wahida kwamba huyu wako asisogee. Utani wa wakwe huo, tumeshazoeana sasa.

Nimepata betri kubwa zaidi. Fundi yule yule ana video yake pia, anasema ili ijae lazima paneli ikae juani kwa muda wa saa nane. Wahida amekazana niianike tangu asubuhi. Maskini, anasahau alichonifundisha mwenyewe! Nane ya Mzungu ni mbili yetu. Saa mbili tu inajaa. Nimemwambia uwanja ni wake, aanike makopa.