Profesa wa Bomu na Ngumi ya Tezo

Bibisi alifika kwa kahawa ya Mama Anisa hapa Majengo na gazeti imebanwa kwapani. Jina yake ni Maingi, karani huko Industrial Area, lakini tunamuita Bibisi kwa sababu habari haimpiti na, kama redio mbovu, hana mahali pa kuzimia.

"Mzungu wa Tezo amepewa nusu ukurasa," akasema, akajisukumia nafasi kwa benchi.

Tezo ni Nzivo, mchongaji. Alikuwa amempakata huyo mzungu mwenyewe, wa mpingo, anampiga msasa mashavu. Huyo ni marehemu; binti yake, Mwalimu Thackley, anafundisha huko Machakos. Baba yake alipofariki kwao Uingereza, binti akaleta picha, akasema achongewe mzee mzima, kichwa mpaka viatu. Alikuwa anakuja kumchukua asubuhi hiyo hiyo. Sasa Tezo maisha yake yote amechonga morani wa Kimaasai wa kuuzia watalii, na mwenyekiti wa chama chao cha wachongaji alikuwa amemwambia wazi: mwalimu akimkubali babake, unahamia kwa sura za watu. Akimkataa, unarudi kupiga msasa kazi za wengine.

"Hebu soma," Tezo akasema. "Nijue ni nani huyu nimeshinda nikimkwangua pua."

Bibisi akakohoa. "Profesa Edmund Thackley, bingwa wa nyuklia. Mtoto wa mshona viatu. Akasoma, akaingia mambo ya atomu, wakati wa vita serikali ikamuita kwa bomu."

"Atomu ni nini?" Mama Anisa akauliza, birika mkononi.

"Kitu kidogo, mama. Hakionekani kwa macho."

"Na yeye alikuwa anakifanya nini?"

"Anakipasua."

Magan akacheka. Huyu anauza sukari ya jumla, na mswaki wa mti hautoki mdomoni. "Wallahi hao watu wako na wakati. Jioni mke anauliza leo umefanya nini kazini, anasema nimepasua. Haya, nionyeshe. Hakuna kitu."

"Ngoja hapo patamu," Bibisi akasema. "Bomu haijaisha, mzee akaamka asubuhi moja akasema mimi naacha. Akatoka. Wenzake wakamuita msaliti, makachero wakamfuata mpaka chooni. Akaenda hospitali, akachukua hiyo hiyo nyuklia akaanza kutibu nayo saratani. Mpaka anakufa alikuwa anazunguka akiambia serikali ziache mabomu."

"Basi huyo ni Nduta," Magan akasema.

Tukacheka. Nduta alipika pombe ya chang'aa mpaka akaokoka, na sasa anaingia kwa nyumba za watu kunusa sufuria.

"Usilinganishe," Mama Anisa akasema. "Nduta aliacha polisi wakishavunja mitungi. Huyu aliacha mtungi ukiwa bado kwa moto."

"Lakini alikoroga."

"Alikoroga, akaweka mwiko chini. Wewe Magan umewahi kuweka nini chini?"

Magan akahamisha mswaki upande wa pili.

"Tezo, tuonyeshe mzee basi," nikasema.

Tezo akamgeuza. Buda, tulisogea wote. Miwani iko, makunyanzi iko, ule uso wa mtu anayesikiliza kitu mbali. Bibisi akainama karibu, mpaka macho yake ikateremka mkono wa kulia.

"Tezo. Kwa ngumi hapo ni nini?"

Tezo akaangalia kama ndiyo mara ya kwanza. Ngumi imekunjwa, na katikati kuna shimo safi kutoka juu mpaka chini.

Wachongaji wa hapa morani wanamchonga pekee yake na mkuki pekee yake, halafu mkuki unaingizwa mwisho. Kwa hivyo ngumi lazima itobolewe. Tezo ametoboa ngumi nyingi mpaka siku hizi mkono unatoboa wenyewe, yeye yuko kwa mawazo ya kwao Wamunyu.

"Si mimi," akasema pole pole. "Ni mkono."

"Weka mkuki," Magan akasema.

"Mtu wa amani na mkuki?"

"Basi bomu."

"Magan, huyu ni baba ya mtu na amekufa."

"Rungu je?" nikauliza.

Bibisi akaangalia nyuma kwanza. "Rungu hapana. Nchi hii rungu iko na mwenyewe, huko Ikulu."

"Kalamu," Mama Anisa akasema. "Si alisoma?"

Hiyo ikapita. Bibisi akatoa biro yake, akaitumbukiza. Shimo ni la mkuki, biro ikapita moja kwa moja ikaanguka kwa matope. Tukiwa bado tunaiangalia, mwalimu akatokea kona ya msikiti na kiondo begani. Magan akachomoa mswaki mdomoni, akausukuma kwa ngumi. Ulikaa kama umezaliwa hapo.

"Hamjambo wazee wangu," mwalimu akasema, Kiswahili cha kitabu mpaka tukakaa wima.

"Hatujambo, mwalimu," tukajibu kama darasa la tatu.

Akampokea babake kwa mikono miwili. Akapapasa paji la uso, akapapasa miwani. Halafu akafika kwa mswaki. Ulikuwa bado na maji.

"Na hiki ni kitu gani?"

Tezo akajifanya anatafuta msasa wake.

"Ni wa huyu," Mama Anisa akasema, akimuonyesha Magan. "Shimo lilibaki tupu, wakaona aibu."

"Pole, mwalimu," Tezo akasema. "Mimi ni mtu wa morani. Nimetoboa ya mkuki bila kujua. Naweza kuziba."

Mwalimu akautoa mswaki kwa vidole viwili, akamrudishia Magan, ambaye, bila haya yoyote, akaurudisha mdomoni. Kisha mwalimu akaingiza kidole chake kwa lile shimo, akakaa hivyo.

"Usizibe," akasema. "Picha zote za baba ameshika kitu cha maabara. Hakuna aliyewahi kumwonyesha akiwa ameshaachilia."

Akamfunga kwa leso, akapangusa macho na pembe yake. Alipofika pale konani akageuka. "Fundi, mama yangu nitakuletea picha wiki ijayo. Yeye usimtoboe."

Jumatatu mwenyekiti alikuta morani wote wa Tezo wamepangwa kwa rafu, ngumi tupu, hakuna hata mmoja na mkuki.

"Silaha zao ziko wapi?"

"Hawa wameacha, mzee," Tezo akamwambia.

Mwenyekiti alimhamisha kwa sura za watu siku hiyo hiyo, kabla Tezo hajafikia ndovu wa mbao akawang'oa pembe.